Cheti cha Kiwanda Kinathibitisha Nini?

Swali: Ndugu Mhariri, kiwanda ninachofanyia kazi kimetundika langoni bango linalosema kimepata cheti cha ISO 26000 cha uwajibikaji kwa jamii. Je, cheti hicho kinathibitisha kwamba majitaka yake ni salama?

Jibu: Ndugu msomaji, bango hilo lina walakini tangu mwanzo, kwa kuwa ISO 26000, iliyotolewa mwaka 2010 na ISO, shirika la kimataifa la viwango, ni mwongozo wa hiari usiotolewa cheti, na waliouandaa wamelisema hilo bayana. Huenda aliyeliandika alikusudia ISO 14001, kiwango cha usimamizi wa mazingira kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, ambacho kweli kina cheti. Hata hicho nacho hakipimi majitaka: mkaguzi huangalia iwapo kiwanda kimejiwekea malengo ya mazingira, kinatunza kumbukumbu na kinarekebisha kasoro, kwa hiyo viwanda viwili vyenye cheti kilekile vinaweza kutofautiana sana kwa uchafu vinaoumwaga. Mimi ningeomba kuona vipimo vya maji kwenye bomba la kutokea, vikiwa vimelinganishwa na vya mwaka uliotangulia na kuhakikiwa na mtu wa nje. Picha za miche iliyopandwa (na ripoti nyingi za mazingira za viwanda hujaa picha hizo) hazijibu swali lako.