Mpox ya Kamituga ilitambulikaje?

Swali: Wataalamu walijuaje kuwa mpox ya Kamituga, Kivu Kusini, inaenezwa na watu, si wanyama wa porini?

Jibu: Walisoma jenomu nzima (maandishi yote ya DNA), herufi 197,000 hivi, za virusi vya wagonjwa wengi, wakazilinganisha. Kimeng'enya chetu APOBEC3 hushambulia DNA ya kirusi na kuacha alama: herufi za DNA TC hugeuka TT. Alama hizo zikirundikana, kirusi kimezunguka kwa watu. Hubadilika herufi sita hivi kwa mwaka badala ya moja au mbili za kawaida.

Mtego upo: kirusi cha Kamituga ni cha kundi Ib, tawi la kundi la I, na kimepoteza kipande cha DNA kilicholengwa na kipimo kimoja cha PCR (kinachotafuta DNA ya kirusi) cha kundi la I, hivyo mgonjwa halisi alionekana hana ugonjwa. Anza na kipimo cha mpox kwa jumla. Sugua kidonda, usitegemee damu. Virusi katika damu ni vichache, na jenomu hutoka na mapengo.