LibreOffice ya Debian au ile rasmi?

Ndugu, umeuliza kama kompyuta za sekretarieti ya shule yenu hapo Kadutu, zinazotumia mfumo wa Debian 12, zibaki na LibreOffice 7.4 (programu ya kuandikia barua na majedwali) iliyokuja na mfumo, au muweke toleo jipya kutoka tovuti ya The Document Foundation, shirika linaloitoa LibreOffice.

Kwa kazi ya barua, buletini na orodha za minerval (karo ya shule), mimi ningebaki na ile ya Debian. Namba yake ni ya zamani, ni kweli, lakini wasimamizi wa Debian huitilia marekebisho ya usalama bila kubadilisha sura yake, nayo hufika pamoja na masasisho mengine ya mfumo. Ile rasmi hujiweka kando ndani ya folda ya /opt, na apt, programu ya Debian ya kuweka na kusasisha programu nyingine, haiisasishi, hivyo kila toleo jipya mtalipakua wenyewe, karibu megabaiti 200, na Kifaransa ni faili jingine tena. Kwa bei ya megabaiti hapa Bukavu, hilo si jambo dogo.

Ningebadili mawazo ikiwa tu faili za docx (za Microsoft Word) mnazotumiwa na wafadhili zinafunguka huku majedwali yamevurugika. Hata hapo, jaribuni kwanza toleo lililo katika bookworm-backports (hazina ya Debian 12 yenye programu mpya zaidi), ambalo ni jipya zaidi na bado linasimamiwa na apt. Mkilazimika kuweka ile rasmi, zote mbili zaweza kukaa kwenye kompyuta moja, ila zinatumia folda ileile ya mipangilio, ~/.config/libreoffice/4; inakilini kwanza kabla ya kufungua toleo jipya.