Negativu za baba zinanuka siki: nizichome?

SWALI: Marehemu baba alikuwa na studio ya picha hapa Kisumu miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980. Ametuachia katoni za picha, negativu na bahasha zenye namba. Ningependa zionyeshe watu walivyoishi mjini wakati huo. Kijana wa saibakafe anasema atazisafisha zote kwa akili unde, azitie rangi, kisha anitumie kwa WhatsApp. Negativu nyingine zinanuka siki, naye anashauri nizichome zikishaskaniwa. Nimwachie kazi? Na skana ipi ni nzuri?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Usimwachie hata bahasha moja, na usichome chochote.

Harufu hiyo ni siki kweli. Filamu nyingi za wakati huo zilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huoza na kutoa asidi ya siki. Asidi hiyo huuharakisha uozo uliokwisha kuanza, na mvuke wake hushambulia negativu za jirani zilizo nzima. Katoni iliyokaa chini ya paa la mabati, karibu na ziwa, imepata kila kinachohitajika kuoza. Zitenge leo zile zinazonuka. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya nailoni, katika chumba chenye baridi kidogo na hewa inayopita. Kisha uanze kuskani hizo, kabla ya zote, kwa sababu filamu ya namna hiyo hunywea na kujikunja, na utando wenye picha hufanya makunyanzi hadi ukashindwa kuulaza kwenye kioo.

Kuhusu skana, usihangaike na jina la kampuni. Tafuta skana bapa yenye taa ya filamu kwenye kifuniko. Picha ya karatasi iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Ile ya sentimita 9 kwa 13 itakupa takriban pikseli 2,100 kwa 3,000. Negativu ya milimita 35 ipewe nukta 2,400 au zaidi. Hifadhi faili za TIFF, aina ya faili inayoweza kutunza picha bila kupunguza ubora wake, mahali pawili tofauti. Geuza kila picha uskani na mgongo wake pia, hata ukiwa na muhuri tu. WhatsApp huibana picha, na ukiituma kama kawaida hupoteza taarifa zilizomo ndani ya faili, kwa hiyo iache iwe ya salamu.

Sasa nije kwa jambo ninaloletewa karibu kila wiki, nalo linanisononesha. Watu wanaamini kwamba picha ikipitishwa kwenye akili unde imeokolewa. Haijaokolewa, imechorwa nyingine. Mahali palipochakaa programu haina habari yoyote ya kilichokuwepo. Inakisia kutokana na picha nyingine ilizofunzwa, kisha inajaza. Matokeo yake ni bibi kutoka na ngozi ya msichana, chale zake zimefutika. Mzee wa Kijaluo aliyeng'olewa meno sita ya chini kwa desturi ya enzi zake anarudishiwa meno kamili, na wajukuu wanafurahi kwamba picha imependeza. Huyo si babu yao.

Nililetewa picha ya mama aliyesimama mbele ya pazia lililochorwa milima, amejifunga kanga. Kwenye karatasi ya awali, kwa kioo cha kukuzia, unaweza kusoma nusu ya maandishi ya ile kanga. Kwenye nakala "iliyosafishwa" pana vijimistari vinavyofanana na herufi, wala hakuna neno. Familia ilikuwa tayari imeipeleka ile ya awali ikalaminetiwe. Kulamineti ni kuibandika picha kwa gundi na joto ndani ya plastiki ambayo hutaitoa tena bila kuiharibu. Anayekuambia lamineshini inahifadhi picha anauza lamineshini.

Maisha ya miaka ya 1970 unayotaka kuyaonyesha yamo katika vitu hivyo vidogo ambavyo programu huviona ni uchafu. Kijana wa bugaluu, ile suruali pana chini, amepakata redio ambayo huenda si yake, ni ya studio. Mkono wenye saa umewekwa mbele makusudi. Gari limeegeshwa nyuma, na namba yake ni herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, hivyo ilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA, wenye herufi mwishoni, kuanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Dukani, ukutani, kuna picha ya rais: ikiwa ni Moi, picha imepigwa baada ya tarehe 22 Agosti 1978, Kenyatta alipofariki. Ukikata kingo ili uso ujae, umekata tarehe.

Rangi nayo ina mambo yake. Picha za rangi za miaka hiyo zimegeuka wekundu kwa sababu rangi ya samawati iliyomo ndani yake hufifia mapema, hata gizani. Hilo unaweza kulirekebisha kwenye nakala, ukiandika kwamba umerekebisha. Lakini kuitia rangi picha nyeusi na nyeupe ni kubuni. Sare ya shule ikitiwa buluu kwa kubahatisha, baada ya miaka michache kuna mtu ataapa kwamba shule ile ilivaa buluu. Mitandao imejaa "Kisumu ya zamani" za aina hiyo, nyingine si Kisumu kabisa, na kila anayezisambaza anaongeza maelezo yake.

Na matanga yamezimaliza picha za magharibi yote ya Kenya. Mtu akifariki, picha pekee ya ujana wake inabanduliwa kwenye albamu, inapelekwa kwa mchapishaji wa kijitabu cha programu ya mazishi, na hairudi. Mchapishaji mpeni nakala. Ikiwa picha imegandamana na kioo cha fremu, msiibandue. Iskanini juu ya kioo hicho hicho.

Kwako wewe, msomaji, hujataja daftari la oda. Namba zilizo kwenye bahasha zilikuwa zinalingana na kitu: daftari au vitabu vya risiti, vyenye majina ya wateja na tarehe. Uliza nyumbani kabla mtu hajaviwashia jiko. Usizichanganye bahasha, wala usiandike kwa kalamu ya wino mgongoni mwa picha. Andika kwenye bahasha, kwa penseli. Ukikosa mahali pa kuweka vitu hivi, Nyaraka za Taifa (Kenya National Archives) wana ofisi Kisumu. Nenda ukazungumze nao ukiwa na katoni moja mkononi, hata kabla ya kununua skana.