Dunkleosteus: mita 10 au mita 4?

Swali: Kitabu cha mwanangu wa kidato cha pili kinasema Dunkleosteus, yule samaki wa kale mwenye deraya, alifika mita 10. Kwingine nimesoma mita 4. Mfupa si ni uleule? Na je, ana undugu na silikanti wanaovuliwa Tanga? (Mzazi, Kigamboni)

Jibu: Mzazi mwenzangu, mfupa ni uleule, ila ni wa kichwa na kifua tu. Mabamba yake mazito yaliishia hapo. Kwenda mkiani alikuwa gegedu, nayo huoza upesi. Kwa hiyo kila urefu uliousoma ni makadirio. Hakuna aliyemwona mzima akamlaza kwenye futi.

Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, utafute chewa na papa wenye midomo inayolingana. Papa atamzidi chewa urefu kwa mbali. Hapo ndipo hesabu za zamani zilipokosea: zilipima mdomo wa Dunkleosteus, zikauliza papa mwenye mdomo huo angekuwa na urefu gani, zikapata karibu mita 9. Lakini Coccosteus, jamaa yake mdogo aliyepatikana mzima huko Scotland, ana mdomo mkubwa kuliko papa wa urefu wake.

Mwaka 2023 mtafiti Russell Engelman wa Marekani aliuacha mdomo, akapima kutoka jichoni hadi mwisho wa kichwa, kipimo kinachoendana na urefu wa mwili kwa samaki wa makundi mengi. Alipata mita 3.4 hivi, na mita 4 na ushei kwa wakubwa kabisa. Mimi naikubali hesabu hiyo, maana imejengwa juu ya sehemu tuliyonayo mkononi.

Mwambie kijana kwamba ukali wa samaki huyu haukupungua. Alikuwa mnene kama jodari, uzito wa tani moja hivi. Hakuwa na meno ya kawaida. Taya zenyewe zilikuwa visu vya mfupa vilivyojinoa kila zilipokutana. Utafiti wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba alifungua kinywa kwa sehemu ya 50 ya sekunde, kasi ya kutosha kumvuta windo ndani pamoja na maji.

Silikanti ni ukoo mwingine, wenye magamba na mapezi ya nyama. Koo zote mbili zilikuwepo enzi ya Devoni, miaka milioni 419 hadi 359 hivi iliyopita. Wenye deraya walitoweka mwishoni mwa enzi hiyo. Silikanti bado wananaswa na nyavu zetu.