Maneno ya fundi uyajue kabla hujatoa hela

Fundi anakwambia "bosi hii nakufikishia mpaka boma", wewe unaitikia sawa, mnapatana bei, hela inatoka. Sasa boma linaishia wapi? Kuna fundi kwake boma ni kuta mpaka lenta basi, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na mwingine anahesabu lenta pamoja na kozi, yaani mistari ya tofali, za juu yake mpaka usawa wa kupaua. Mi tangu nianze kujenga sikubaliani na mtu kwa jina la hatua, namwambia nionyeshe kwenye ramani unaanzia wapi unaishia wapi, tunaandika, wote tunasaini.

Tuanze chini. Msingi watu wengi wanadhani ni yale mawe au tofali za chini tu, kumbe ndani yake kuna kuchimba mtaro, zege la chini, ukuta wa msingi, kujaza kifusi na kukishindilia, ndio uje jamvi, yaani lile zege la sakafu. Hapo kwenye kushindilia simama mwenyewe, kifusi kinajazwa kidogo kidogo kwa matabaka, kinamwagiwa maji kinashindiliwa, maana kikimwagwa chote kwa mkupuo kitakuja kutitia baadae na sakafu itapasuka na tailizi zako juu.

Alafu kuna DPC, ile shiti nyeusi inalazwa juu ya ukuta wa msingi kabla kuta hazijapanda. Kazi yake ni kuzuia unyevu wa ardhini usipande ukutani. Ni kitu cha bei ndogo ndo mana wengine wanairuka, ila ukiona nyumba rangi inabanduka kwa chini na lipu inamomonyoka kila mwaka, mara nyingi tatizo liko hapo, na kuirudishia wakati nyumba imeshasimama ni shughuli. Pale shiti mbili zinapokutana zipandane, zisiachwe zinaangaliana tu.

Nguzo, bimu na lenta zote ni zege na nondo, tofauti ni kazi. Nguzo imesimama, bimu imelala inabeba mzigo, lenta inapita juu ya milango na madirisha ili tofali za juu zisikae kwenye fremu. Rinki ni zile nondo nyembamba zilizokunjwa zinazozunguka nondo kubwa, ukiambiwa zikae kila sentimita 20 chukua tepu upime, usiangalie kwa macho. Na kabla zege halijamwagwa angalia kama kuna biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisiguse mbao wala ardhi. Nondo ikibaki nje nje inapata kutu, kutu inavimba, zege linapasuka.

Ukisikia "moja mbili nne" ni uwiano wa zege, saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto 4. Kipimo kiwe kile kile, boksi au ndoo, sio saruji kwa mfuko alafu mchanga kwa koleo la kukadiria. Na maji yasizidi, fundi anapenda zege laini sababu linamwagika kirahisi lakini nguvu inapungua. Kumwagilia zege maji likishashika nako sio hiari, angalau siku 7, zege linapimwa nguvu yake siku ya 28 sio kesho yake asubuhi, kwa hiyo anayekuharakisha kutoa mbao za chini ya slabu, lile zege la bapa la juu, mwambie atulie.

Juu huko, kenchi ni zile mbao zilizoungwa kubeba paa, papi ni mbao zinazopita juu yake ndo bati zinapigiliwa. Geji ya bati, yaani namba ya unene wake, inahesabiwa kinyume, 28 ni nene kuliko 30, usije ukafurahia namba kubwa.

Neno ninaloliogopa kuliko yote ni finishingi. Humo wanatupia kila kitu: lipu, skimu (kulainisha ukuta kabla ya rangi), dari, waya, mabomba, tailizi, rangi, milango. Usikubali bei ya finishingi kwa jumla, kila kimoja kiwe na mstari wake, na uandikwe nani ananunua vifaa.