Nyumba Rehani kwa Ajili ya Lori Moja

SWALI: Mhariri, nimestaafu baada ya kutumikia kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Nakusudia kuchukua kiinua mgongo changu chote, niongeze mkopo wa benki kwa kuweka rehani hati ya nyumba yetu ya Kisauni, kisha ninunue lori la kubebea makontena kutoka Kilindini. Mke wangu ni mwepesi wa hofu, hivyo nitamweleza mambo yakishakamilika. Shemeji yangu ameniita mbinafsi, na rafiki yangu ameniita mjinga. Mimi nasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nani ana haki kati yao?
Mstaafu, Kisauni

JIBU: Ndugu Mstaafu, rafiki yako amekuonea kidogo, kwa kuwa kazi ya mizigo unaijua na hujaparamia biashara ya watu usiyoielewa. Lakini lori moja ni lori moja: likiharibika gia Mariakani, dereva na utingo watataka posho, spea itataka fedha taslimu, na benki itataka rejesho lake mwisho wa mwezi kana kwamba hakuna lililotokea. Tena si ufundi tu unaoweza kulisimamisha. Wewe wa forodha huhitaji kukumbushwa kuwa mwaka 2019, miaka miwili baada ya reli ya kisasa kuanza kazi, serikali iliamuru makontena ya kwenda Nairobi na bara yapande treni, wenye malori wa Mombasa wakaandamana huku magari yao yakikosa mizigo. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022, lakini hakuna mkopo unaosubiri miaka mitatu.

Shemeji yako ndiye aliyegusa penyewe, ingawa nadhani naye amekosea mahali pa kukulaumu. Kuthubutu si ubinafsi. Watoto wengi wa mji huu wamesomeshwa na wazazi waliothubutu. Ubinafsi umo katika yale maneno yako ya kumweleza bibi mambo yakishakamilika, kwa sababu anayeinamishwa hapo ni yeye bila kuulizwa. Na hata ukitaka kumficha hutaweza: Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haiitambui rehani ya nyumba ya ndoa isipokuwa mwenzi anayeishi humo ametia sahihi au imethibitika kuwa ameridhia. Sasa utapenda habari hizi azipate kwako, au azipate kwa ofisa wa mikopo?

Ushauri wangu ni kwamba hati ibaki kabatini. Tafuta mshirika mmoja kati ya wale mliofanya kazi pamoja, mchange, mnunue lori lililotumika mkiwa na fundi wenu wa kulikagua, na sehemu ya kiinua mgongo uiache nje kabisa ya biashara, iwe ya matibabu na chakula. Kabla ya hapo, keti na bibi mpige hesabu ya lori lililolala miezi mitatu. Akikataa baada ya kuiona hesabu hiyo, usiharakishe kusema ni hofu; huenda ameona tundu ambalo wewe hukuliona.