Jipu la Jino Haliponi kwa Vidonge Pekee

Msimu mmoja wa karafuu, nikiwa Wete, Pemba, gego langu la chini liliniuma, nami nikafanya kama wafanyavyo wazee wetu: nikachovya pamba katika mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nikaibana kwenye jino. Mafuta yale hutia ganzi, lakini hayafiki kwenye mzizi. Siku ya tatu shavu lilivimba, na kinywa kikanuka kiasi cha kuona haya kuzungumza na watu.

Hapo nikafanya kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Nilichukua vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, vilivyobaki nyumbani tangu mwanangu alipougua tumbo, nikavimeza kwa kukisia. Uvimbe ulipopungua nikaacha, na baada ya wiki ukarudi kwa nguvu zaidi.

Daktari wa meno alinifahamisha kwamba harufu ile ni dalili ya bakteria wasiopenda oksijeni, ambao hustawi ndani ya usaha uliofungika. Metronidazoli huingia mwilini mwao ikiwa haina makali, kisha wao wenyewe huigeuza kuwa sumu inayokatakata vinasaba vyao. Nguvu hiyo ilijulikana kwa bahati, pale mwanamke mmoja wa Uingereza aliyepewa dawa hii kwa maradhi mengine alipopona na fizi zake pia, habari iliyoandikwa mwaka 1962. Hata hivyo, bakteria wanaotumia oksijeni hawadhuriki nayo, na kwa kuwa katika jipu la jino makundi yote mawili huishi pamoja, mara nyingi dawa hii huandikwa pamoja na amoksilini, dawa nyingine ya kuua bakteria.

La muhimu zaidi ni kwamba ndani ya usaha hamna mishipa ya damu ya kuifikisha dawa. Daktari alipopasua ufizi, usaha mzito wa manjano ulimiminika, na maumivu yakalegea kabla sijameza kidonge hata kimoja. Kisha akaling'oa gego, akaniandikia metronidazoli miligramu 400 mara tatu kwa siku. Ulimi ulipata ladha ya chuma na mkojo ukawa mweusi kidogo, mambo ambayo alikuwa ameshanitahadharisha. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari mapema, kwani metronidazoli huizidisha nguvu na damu ikawa nyepesi mno.

Lakini ikiwa uvimbe umeshuka chini ya kidevu, au mgonjwa hawezi kufumbua kinywa wala kumeza mate, asingojee asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya pumzi.